Tofauti na Mtawanyiko: Kuuelewa Uchanganuzi wa Variansi kwa Mfano wa Misindano ya Mgololo

1.0 Utangulizi

Neno "tofauti" hubeba mzigo mkubwa katika Kiswahili cha utafiti. Hutumika kueleza kwamba kundi moja si sawa na jingine. Hutumika pia kueleza kwamba vitu vya kundi lilelile havilingani vyenyewe kwa vyenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida hali hiyo haina madhara. Katika takwimu ina madhara, kwa kuwa mbinu iitwayo uchanganuzi wa variansi imejengwa juu ya kuzitenga maana hizo mbili na kisha kuzipima moja dhidi ya nyingine.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi utengaji huo unavyofanyika, na kwa nini mtafiti asiyeuzingatia anaweza kufikia hitimisho lisilo na msingi hata kama hesabu zake ni sahihi. Neno "tofauti" litatumika kwa kutolingana baina ya makundi, na neno "mtawanyiko" kwa kutolingana ndani ya kundi. Istilahi "variansi" itabaki kuwa jina la kipimo chenyewe: wastani wa miraba ya umbali wa kila thamani kutoka kwenye wastani wake.

2.0 Mgololo na Swali la Msitu

Mgololo ipo wilayani Mufindi, mkoani Iringa, katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Reli ya TAZARA hupita hapo, na ndipo kilipojengwa kiwanda cha karatasi kilichoanza uzalishaji katikati ya miaka ya 1980 kikiwa mali ya umma, na ambacho tangu mwaka 2004 kimekuwa mikononi mwa wawekezaji binafsi kwa jina la Mufindi Paper Mills. Malighafi yake hutoka katika msitu wa kupandwa wa Sao Hill, ambao ndio mkubwa kuliko yote ya aina yake nchini. Msitu huo umegawanywa katika tarafa nne: Irundi, Ihefu, Ihalimba na Mgololo.

Mti unaotawala humo ni msindano wenye asili ya Meksiko (Pinus patula), ambao wengi huuita mpaina. Nyuzi zake ni ndefu, na ndizo zinazoipa karatasi ya mifuko uimara wake. Lakini msindano si mahindi. Mkulima aliyekosea kuchagua mbegu ya mahindi hulijua kosa lake baada ya msimu mmoja. Msimamizi wa msitu aliyekosea hulijua baada ya miaka kumi na zaidi, wakati maelfu ya hekta yamekwisha kupandwa na kiwanda kinasubiri magogo. Kwa hiyo, miti michanga inapopimwa katika viwanja vya majaribio na chanzo kimoja cha mbegu kikaonekana kutoa miti mirefu kuliko vingine, swali huwa zito: je, urefu huo umetokana na mbegu, au ni bahati tu ya udongo, mvua na mteremko?

3.0 Udhaifu wa Kulinganisha Jozi kwa Jozi

Njia inayoelekea kuwa rahisi ni kulinganisha makundi mawili mawili. Tuseme mtafiti anataka kulinganisha ukuaji wa miti katika tarafa zote nne za Sao Hill. Makundi manne hutoa jozi sita. Ikiwa kila ulinganisho una uwezekano wa asilimia 5 wa kutangaza tofauti isiyokuwepo, basi uwezekano wa kukosea angalau mara moja katika jozi sita, kama zingekuwa huru, ni 1 kutoa 0.95 iliyozidishwa kwa yenyewe mara sita, yaani takriban asilimia 26. Atafutaye tofauti katika jozi nyingi hakosi kuiona moja, hata pasipokuwa nayo.

Uchanganuzi wa variansi huuliza swali moja badala ya sita: je, wastani wa makundi yote unaweza kuchukuliwa kuwa mmoja? Mbinu hii iliasisiwa na Ronald Fisher, mwanatakwimu wa Uingereza aliyeipendekeza istilahi ya variansi mwaka 1918 katika makala kuhusu urithi wa kibayolojia, kisha mwaka 1919 akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. Huko alikuta kumbukumbu za miongo mingi za majaribio ya mbolea, ambamo athari ya mbolea ilikuwa imechanganyika na ya hali ya hewa na ya udongo. Kitabu chake cha mwaka 1925 ndicho kilichoieneza mbinu hii miongoni mwa watafiti.

4.0 Hesabu Yenyewe

Tarakimu zifuatazo ni za kubuni, zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi. Si matokeo ya upimaji uliofanyika Mgololo. Tuchukue vyanzo vitatu vya mbegu, A, B na C, kila kimoja kikiwa kimepandwa katika viwanja vinne. Wastani wa urefu wa miti wa kila kiwanja, kwa mita, ni huu:

A: 6, 7, 8, 7 (wastani 7)
B: 8, 9, 10, 9 (wastani 9)
C: 7, 8, 9, 8 (wastani 8)

Wastani mkuu wa viwanja vyote 12 ni 8. Umbali wa kila kiwanja kutoka kwenye wastani mkuu ukizidishwa kwa wenyewe na miraba hiyo kujumlishwa, jibu ni 14. Jumla hiyo hugawanyika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hutokana na umbali wa wastani wa kila kundi kutoka kwenye wastani mkuu: A iko chini kwa 1, B iko juu kwa 1, C haiachani nao, kwa viwanja vinne vya kila kundi jibu ni 8. Sehemu ya pili hutokana na umbali wa kila kiwanja kutoka kwenye wastani wa kundi lake: 2 kwa kila kundi, yaani 6. Nane na sita ni kumi na nne. Hakuna kilichopotea wala kilichohesabiwa mara mbili, na sifa hii ya kujumlishika ndiyo sababu ya Fisher kutumia miraba badala ya umbali wenyewe.

Hatua inayofuata ni kuzifanya sehemu hizo zilinganike. Makundi matatu yakishajulikana wastani wao mkuu, ni mawili tu yaliyo huru kubadilika. Hivyo 8 hugawanywa kwa 2 na kupata 4. Viwanja 12 vikitolewa wastani wa makundi matatu hubaki 9 vilivyo huru. Hivyo 6 hugawanywa kwa 9 na kupata takriban 0.67. Uwiano wa 4 kwa 0.67 ni 6.0. Uwiano huu huitwa F, herufi iliyopendekezwa na Mmarekani George Snedecor kwa heshima ya Fisher. Majedwali yanaonyesha kwamba, kwa 2 na 9, F huvuka 4.26 kwa bahati tupu mara 5 tu katika 100. Kwa kuwa 6.0 imevuka kikomo hicho, nadharia tete ya kutokuwepo tofauti hukataliwa.

Sasa tuzingatie viwanja vingine:

A: 4, 7, 10, 7 (wastani 7)
B: 6, 9, 12, 9 (wastani 9)
C: 5, 8, 11, 8 (wastani 8)

Wastani wa kila kundi haukubadilika hata kidogo. Sehemu ya baina ya makundi ni 8 ileile. Kilichobadilika ni mtawanyiko wa ndani: sasa ni 18 kwa kila kundi, jumla 54, na ikigawanywa kwa 9 ni 6. F inakuwa 4 gawanya kwa 6, yaani 0.67. Tofauti ileile ya mita mbili kati ya A na B, ambayo awali ilikuwa ushahidi, sasa si ushahidi wa kitu chochote. Hapa ndipo kiini cha mbinu kilipo: tofauti haina uzito wake yenyewe, uzito wake hutokana na mtawanyiko unaoizunguka.

5.0 Mpango wa Jaribio

Hata hivyo, F haijui miti ilipandwa wapi. Ikiwa viwanja vyote vya B vilikuwa bondeni na vyote vya A mteremkoni, F kubwa itathibitisha tofauti bila kuonyesha kama imeletwa na mbegu au na bonde. Katika nchi ya miinuko kama Mufindi jambo hili si la kinadharia. Dawa yake ni kugawa eneo katika sehemu zenye hali moja, kupanda vyanzo vyote katika kila sehemu, na kuamua kwa kura chanzo kipi kiende kiwanja kipi. Athari ya mteremko nayo hutengewa fungu lake katika hesabu.

6.0 Funzo kwa Mwanaisimu

Hoja hii inawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili. Tuseme mtafiti anapima urefu wa irabu katika matamshi ya Kiswahili ya wasemaji ambao lugha zao za kwanza ni Kihehe, Kibena na Kinyakyusa: wasemaji wanne kwa kila lugha, maneno hamsini kwa kila msemaji. Atakuwa na vipimo 600, na atashawishika kutumia 597 badala ya 9 kama idadi iliyo huru. Kikomo cha F kitashuka kutoka 4.26 hadi karibu 3.0, na mtawanyiko utakaotumika kama kipimio utakuwa umechanganya ule wa maneno na ule wa watu. Lakini wasemaji ni 12 tu. Kupima maneno hamsini ya mtu mmoja na kuyahesabu kama watu hamsini ni sawa na kupima mti mmoja mara hamsini na kuuita msitu.

Aidha, kusema kwamba tofauti "ni muhimu" kwa sababu F imevuka kikomo ni kupotosha. F husema kwamba tofauti ni vigumu kuelezwa kwa bahati; haisemi kwamba ni kubwa, wala kwamba ina faida. Maneno "ina maana kitakwimu" hayana mvuto huo, lakini ni ya kweli zaidi.

7.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba uchanganuzi wa variansi huamua juu ya wastani kwa kuchunguza mtawanyiko. Kwa hiyo, tasnifu inayotoa wastani wa makundi bila kueleza mtawanyiko wa ndani, wala kubainisha ni kitu gani kilichohesabiwa kuwa kimoja, huwa haijatoa ushahidi. Lugha ya Kiswahili ina maneno ya kutosha kuyaeleza hayo. Linalohitajika ni kulipa kila neno kazi yake moja na kulishikilia humo.