Lishe ya Kimiminika na Komunyo Takatifu
Mgonjwa wa Crohn, ugonjwa uletao uvimbe wa utumbo, hasa akiwa mtoto, huweza kuagizwa na daktari atumie lishe maalumu ya kimiminika pekee kwa wiki 6 hadi 8, pasipo chakula kingine, ili utumbo upone. Je, ajitenge na Ekaristi Takatifu? La hasha. Kanuni ya 919 ya Sheria ya Kanisa inawaruhusu wagonjwa na wanaowauguza kukomunika hata wakiwa wamekula kitu ndani ya saa moja iliyotangulia. Asiyeweza kupokea hata kipande kidogo cha Hostia aweza, kwa kanuni ya 925, kukomunika katika umbo la divai pekee. Wazazi wapendwa, mwulizeni daktari, kisha mwarifuni paroko kabla ya Misa.