Dereva wa Basi Naye ni Mfanyakazi

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Desemba, wana wa Uru wafanyao kazi Dar es Salaam hufunga mizigo yao na kurudi mlimani. Huko migombani wazazi wanangoja, mbege imekwisha pikwa na mbuzi amekwisha chaguliwa. Wakishuka Moshi mjini humshukuru Mungu kwa kufika salama, nao wafanya vyema. Lakini ni wangapi kati yao wamgeukiao dereva na kumwambia ahsante? Amewafikisha wenziwe nyumbani. Yeye atalala mjini, na alfajiri atageuza gari. Krismasi itamkuta njiani.

Leo twataka kusema habari za mtu huyo.

Yuko kijana ambaye kila mtu wa mlimani amepata kumwona. Tangu utoto wake apenda mabasi kuliko mpira. Akisikia mlio wa injini, gari halijatokea, aweza kusema kama ni Scania au Yutong. Wazee humwona mpotevu wa wakati. Sisi hatukubali. Baba zake waliyapenda vivyo hivyo mabasi ya Leyland, na katika miaka ya 1970 yale ya KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Madereva hodari wengi walianza hivyo: kwanza kuosha gari, kisha utingo wa kupanga mizigo, hatimaye leseni ya daraja C. Apendaye chombo chake hukitunza.

Lakini mapenzi hayaondoi usingizi. Natufanye hesabu. Kutoka Moshi hadi Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 560, na basi haliruhusiwi kupita mwendo wa kilometa 80 kwa saa. Hata lisiposimama kamwe, safari yataka saa 7. Na kusimama hapana budi. Penye makazi ya watu mwendo ni 50. Kuna mizani, kuna ukaguzi wa polisi, kuna chakula, na kuna msongamano wa magari kuanzia Chalinze. Basi saa 9 au 10 hupita kabla ya kuingia kituo cha Mbezi.

Sasa tutazame Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Yasema kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku, wala saa 45 kwa wiki; tena mfanyakazi apumzike saa 12 mfululizo kabla ya kuanza kazi ya siku ya pili. Safari moja imekwisha maliza siku ya dereva. Safari tano zimemaliza wiki yake.

Zamani giza lilikuwa mlinzi wake, kwa kuwa tangu miaka ya 1990 mabasi yalikatazwa kusafiri usiku. Mwaka 2023 Serikali iliondoa katazo hilo. Wafanya biashara na abiria wamefurahi, nasi twaiona faida yake. Lakini ikiwa giza halimsimamishi tena, ni nani atakayemsimamisha? Si tajiri ahesabuye tiketi. Wala si dereva mwenyewe, ikiwa hana mkataba na hulipwa kwa safari, kwani akilala leo, kesho watoto wake hawali.

Jambo hili madereva walilisema wenyewe. Tarehe 10 Aprili 2015 waligoma, na tena tarehe 4 Mei mwaka ule ule. Walipinga amri ya kurudi chuoni wakati wa kuhuisha leseni, na walidai mikataba ya ajira. Kwa neno la masomo hatukuwa upande wao: mtu aliyebeba roho za watu hamsini hana budi kujifunza maisha yake yote. Kwa neno la mkataba, haki ilikuwa yao.

Tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba wilayani Same, magari mawili ya abiria yaligongana yakawaka moto, wakafa watu zaidi ya 30. Taarifa ya Serikali ilitaja kupasuka kwa tairi. Hatusemi kwamba uchovu ndio uliowaua. Twasema kwamba siku chuma kinaposhindwa, hubaki macho na mikono ya dereva peke yake. Na macho yasiyolala hayawezi kumwokoa mtu.

Kwa hiyo twawaambia wenye mabasi: andikeni mikataba, na safari ndefu ipewe madereva wawili. Twawaambia madereva: jiungeni, na sheria hiyo isomeni wenyewe. Nanyi abiria, msimpigie dereva kelele akanyage mafuta. Wahenga walisema, kawia ufike. Mbege ya Uru haitachacha kwa saa moja.