Walimwita kichaa, leo wanakula kwa kasri lake

Msomaji wangu, pengine umewahi kuona kwenye kalenda ya ukutani picha ya kasri jeupe lenye minara myembamba, limekaa juu ya jabali, misitu chini, milima nyuma. Usidhani ni mchoro wa kuwafurahisha watoto. Lipo kweli. Linaitwa Neuschwanstein, na liko kusini kabisa mwa Ujerumani, jimbo la Bavaria, hatua chache kutoka mpaka wa Austria. Akina Walt Disney walipojenga kasri la Mrembo Aliyelala kule Disneyland, California, lililofunguliwa mwaka 1955, walichungulia hapa.

Picha wengi wanaijua. Kisa cha mwenye nyumba ndicho kitamu, na ndicho kinachouma.

Mwenyewe aliitwa Ludwig wa Pili. Alizaliwa mwaka 1845, na mwaka 1864 baba yake alipofariki akakabidhiwa ufalme wa Bavaria akiwa kijana wa miaka 18. Mrefu, mtanashati, ana mapenzi makubwa na muziki na hadithi za kale. Lakini mwaka 1866 Bavaria iliingia vitani upande wa Austria kupigana na Prussia, ikachapwa. Tangu hapo ufalme wake ukabaki wa jina. Mwenye kauli akawa Bismarck wa Prussia, yule yule ambaye chini ya utawala wake, mwaka 1885, Karl Peters alipewa hati ya kutamba na ardhi zetu huku Tanganyika.

Mambo ya nyumbani nayo hayakunyooka. Mwaka 1867 alimchumbia binti mmoja wa ukoo wa kifalme, Sophie, dada yake malkia wa Austria. Tarehe ya harusi ikasogezwa, ikasogezwa tena, mwisho uchumba ukavunjika. Hakuoa mpaka anaingia kaburini.

Basi kijana akageukia ujenzi. Akachagua kilima kilichotazamana na kasri la baba yake, Hohenschwangau, alikokulia. Juu pale palikuwa na magofu ya zamani. Yakabomolewa, na kilele chenyewe kikalipuliwa kwa baruti mpaka kikashuka mita kama 8 ili kupata uwanja. Jiwe la msingi likawekwa Septemba 5, 1869. Na aliyechora sura ya kasri hakuwa injinia, ni Christian Jank, fundi wa kuchora mandhari za jukwaani kwenye michezo ya opera! Ndiyo maana ukiliangalia unaona kama mtu atatokea dirishani aanze kuimba. Maofisa wa majengo walifuata baadaye, wageuze mchoro uwe nyumba inayosimama.

Na hapo kazi ikawa kazi kweli. Kati ya mwaka 1879 na 1880 peke yake yalipandishwa matofali 400,000 na tani 465 za marumaru. Winchi ya mvuke ilikuwa ikivuta mizigo, mafundi mamia wanapishana, na pale bwana mkubwa alipokuwa na haraka walifanya kazi hata usiku kwa taa za mafuta. Wapo waliokufa kazini. Lakini kilikuwepo chama cha mafundi, mfalme akikichangia, na fundi akiugua au kuumia alikuwa analipwa mpaka wiki 15. Ni miaka ya 1870 hiyo, jamani. Wapo matajiri wa leo ambao kibarua wao akivunjika mguu anaambiwa arudi akipona.

NJE ZAMANI, NDANI KISASA

Wageni wengi wakifika wanadhani lina miaka mia nane. Danganya toto. Ukuta ni matofali ya kuchoma, juu yamevikwa mawe meupe. Ndani mlikuwa na maji ya bomba kila ghorofa, vyoo vya kuvuta, hewa ya moto ya kupasha vyumba, kengele za umeme za kuitia watumishi, lifti ya kupandishia chakula na hata simu. Wakati huo miji mingi ya Ulaya yenyewe bado inachota maji kisimani.

Kati ya sebule na ofisi yake alichonga pango la bandia, lina maporomoko ya maji na taa za rangi. Kitanda chake kilichongwa na mafundi 14 kwa miaka minne na nusu. Kitanda kimoja! Ukumbi wa kiti cha enzi una sakafu ya vijiwe vya rangi vilivyopangwa picha za wanyama na mimea, na taa yenye umbo la taji inayobeba mishumaa 96. Kitu kimoja tu hakimo: kiti cha enzi. Hakikuwahi kuwekwa. Mwenye kukikalia alikufa kwanza.

Ukumbi wa waimbaji nao, aliojenga kwa kumpenda mtunzi Richard Wagner, haukupigwa muziki hata siku moja akiwa hai. Wagner alifariki mwaka 1883, hakulikanyaga kasri. Mfalme alikuwa akilala mchana na kukesha usiku, yeye na vinara vyake.

DENI LIKAMWAGIKA

Makadirio ya kasri yalikuwa marki milioni 3.2. Mpaka mwaka 1886 lilikuwa limemeza milioni 6.2 na halijaisha, vyumba vilivyokamilika vikiwa 15 hivi. Na alikuwa na makasri mengine mawili makubwa, Linderhof na Herrenchiemsee. Mwaka 1885 jumla ya madeni ilifika marki milioni 14, mabenki ya nje yakaanza kutishia kukamata mali. Angalia jambo moja: hazikuwa hela za hazina ya serikali. Yalikuwa mafungu yake mwenyewe na mikopo aliyokopa kwa jina lake. Hata hivyo alizidi kuwabana mawaziri wamtafutie mikopo mingine, na minong'ono ikaenea kwamba atawafukuza wote. Wakamuwahi.

Juni 8, 1886, madaktari wanne wakatia sahihi ripoti kwamba mfalme ni mgonjwa wa akili. Kiongozi wao alikuwa Dokta Bernhard von Gudden. Hakuna hata mmoja aliyempima. Walisoma maneno ya watumishi na watu wa ikulu, wakahukumu. Mimi sisemi alikuwa mzima kabisa. Mdogo wake, Otto, aliugua akili kweli, na mwenendo wake mwenyewe ulikuwa wa ajabu. Lakini mgonjwa anaandikiwa cheti bila kuonwa? Hata mganga wa kienyeji hukutazama kiganja kwanza.

Usiku wa kuamkia Juni 10 wakubwa wakapanda kasrini kumchukua. Mfalme alishapenyezewa habari. Polisi wakawazuia getini, na mama mmoja wa kikabaila, Spera von Truchseß, akawashukia na mwavuli wake. Mheshimiwa mzima anakula mwavuli! Mfalme akaamuru wakamatwe, kisha wakaachiwa. Siku hiyo hiyo mjomba wa ukoo, Luitpold, ndugu wa baba yake, akatangazwa msimamizi wa ufalme. Usiku wa kuamkia Juni 12 wakarudi, safari hii wakamchukua. Hesabu inaonyesha alikuwa amelala kasrini humo siku 172 tu maishani mwake.

Akapelekwa Berg, kando ya ziwa Starnberg. Jioni ya Juni 13 akatoka kutembea na Dokta Gudden, wawili tu, bila mlinzi. Hawakurudi. Karibu saa tano usiku miili yao ikakutwa majini, mahali maji hayamfiki mtu mzima kifuani. Saa ya mfalme ilisimama saa 12:54 jioni. Alikuwa na miaka 40, mwogeleaji hodari. Serikali ikasema alijiua. Daktari naye je, mwenye alama za kukabwa? Huko Bavaria hilo linagombanisha watu vijiweni mpaka kesho.

Sasa sikia. Agosti 1, 1886, wiki saba baada ya kifo, milango ya Neuschwanstein ikafunguliwa kwa watazamaji. Kiingilio marki 2. Nyumba ambayo mwenyewe alijenga ili asionwe na mtu ikaanza kukatiwa tiketi, tena na walewale waliosema ujenzi wake ni ushahidi wa kichaa. Kufika mwaka 1899 madeni ya ujenzi yalikuwa yamelipwa. Hata jina Neuschwanstein, yaani jiwe jipya la bata maji, lilianza kutumika baada ya kufa kwake.

Tangu hapo halijapumzika. Wakati wa Hitler liligeuzwa ghala la michoro iliyoporwa Ufaransa, Wamarekani wakaikuta mwaka 1945. Siku hizi linatembelewa na watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka; siku za joto hufika 6,000 kwa siku, wanapitishwa kwa makundi, dakika kama 30, na kupiga picha ndani marufuku. Julai 2025 UNESCO ikaliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na makasri yake mengine. Wenye hoteli, migahawa na magari ya farasi pale chini ya kilima wanaishi kwa deni lile la marki milioni 14.

Na kule Berg, pale mwili ulipokutwa, umesimama msalaba ndani ya maji. Kila mwezi Juni watu hukusanyika ufukweni kumwombea.