Gari la huduma: tuhesabu gharama mbele ya kununua

Pale Alimbongo wazee wa kanisa waliniuliza: "Mchungaji, tununue Toyota Mark X kwa ajili ya huduma? Bei yake imeshuka." Ni gari zuri, lenye mbio na viti vya kupumzisha. Lakini bei ni malipo ya kwanza tu.

Mark X iliuzwa Japani toka 2004 mpaka 2019. Ile ya lita 2,5 ina silinda sita, maana yake buji sita za kubadilisha, si nne. Tena ni gari la chini, na barabara yetu ya Lubero ina matope na mashimo wakati wa mvua.

Tufanye hesabu. Tuseme Mark X inakunywa lita 12 kwa kilometa 100, na Corolla ya silinda nne lita 8. Mkitembea kilometa 1.000 kwa mwezi, tofauti ni lita 40. Kwa mwaka, lita 480. Zidisheni kwa bei ya esansi ya Butembo. Ongezeni oili, matairi na amortiseri. Ndipo mlinganishe bei.

Katika Luka 14:28 Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: anaketi kwanza, anahesabu. Sadaka yetu imetoka kwa mama anayeuza viazi. Basi mwiteni fundi asiyelipwa na muuzaji, aangalie chini ya gari. Kisha mwandike nani atalipa esansi ya mwezi wa sita. Kama hakuna jibu, pikipiki ya parokia bado inatosha.