Jani la Pamba Hudondokaje, na Dawa za Kulidondosha Zina Athari Gani kwa Mwili

Wengi hudhani kuwa jani huanguka kwa sababu limekufa. Kwa mpamba, mambo ni kinyume. Jani lililouawa ghafla kwa dawa kali hukauka na kubaki likining'inia mtini, ilhali lile linalodondoka vizuri lilikuwa hai hadi siku ya mwisho. Kudondoka ni kazi ya seli hai. Mkunga aonaye kipande cha kitovu cha mtoto kikijitenga hushuhudia jambo linalofanana na hilo: seli nyeupe za damu hukusanyika mpakani na kuyeyusha, kwa vimeng'enya vyake, kile kilichokuwa kimeshikana. Ndiyo maana kitovu kinachochelewa mno kudondoka humfanya daktari azitilie shaka seli hizo.

Mahali kikonyo cha jani kinapoungana na tawi pana safu nyembamba za seli ndogo zilizowekwa tayari kwa utengano. Jani lenye afya hutengeneza homoni iitwayo oksini na kuiteremsha kupitia kikonyo. Maadamu mtiririko huo haukatiki, safu hizo hutulia. Jani linapozeeka, kupata kiu au kujeruhiwa, oksini hupungua na ethilini, homoni iliyo gesi, huongezeka. Ndipo seli za mpakani zinapotoa vimeng'enya viyeyushavyo selulosi na pektini, ile gundi iunganishayo seli na seli. Upepo mdogo humaliza kazi, na kovu lililozibwa hubaki mtini.

Homoni ya tatu, asidi ya absisiki, ilipatikana katika matunda machanga ya pamba mwaka 1963 na kundi la Frederick Addicott huko California. Ilipewa jina linalotokana na kudondoka, ingawa baadaye ilibainika kuwa kazi yake kubwa ni kuukinga mmea na ukame, na kwamba mdondoshaji hasa ni ethilini. Gesi hiyo si ngeni kwa tiba: mwaka 1923, huko Chicago, ilianza kutumiwa kama nusukaputi. Iliachwa kwa kuwa hulipuka.

Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania pamba huchumwa kwa mkono, na mchumaji huliacha jani mahali pake. Mashine za Marekani haziwezi kuchagua hivyo. Majani mabichi hutia pamba madoa ya kijani na unyevu. Hivyo shamba hunyunyiziwa dawa pale takribani asilimia 60 ya vitumba vinapokuwa vimepasuka. Ethefoni huvunjika ndani ya mmea na kutoa ethilini. Thidiazuroni huuchochea mmea wenyewe kuitengeneza. Tribufosi hulijeruhi jani kiasi cha kuchochea ethilini bila kuliua papo hapo.

Kwa mhudumu wa afya, tofauti hizo ni muhimu. Ethefoni ni tindikali: ikimwagika jichoni au kwenye ngozi, dawa ya kwanza ni maji mengi, kwa dakika zisizopungua 15, kabla ya jambo jingine lolote. Tribufosi ni jamii ya oganofosfeti, hivyo huzuia kimeng'enya cha kolinesterasi. Mgonjwa hutokwa na mate, machozi na jasho, mboni za macho husinyaa, tumbo humsokota na kifua hujaa makohozi. Huhitaji atropini na uangalizi wa karibu wa pumzi. Nguo zilizolowa zivuliwe na ngozi ioshwe kwa sabuni, na anayemwosha avae glavu. Katika Uzbekistan ya enzi za Kisovieti dawa ya jamii hiyo, butifosi, ilinyunyizwa kwa ndege juu ya mashamba ambamo hata wanafunzi walipelekwa kuchuma pamba. Ilipigwa marufuku katika miaka ya 1980.

Penye parakwati, ambayo katika baadhi ya nchi imetumika kukausha majani ya pamba, hatari ni nyingine kabisa. Haina kiuasumu. Aliyeinywa huweza kuonekana ana nafuu kwa siku kadhaa huku mapafu yakiharibika, na oksijeni ikitolewa bila ulazima huzidisha madhara hayo. Hutolewa pale tu upungufu wake mwilini ni mkubwa. Kwa sababu hiyo jamaa wanaomleta mgonjwa waombwe kuja na chupa ya dawa yenyewe, hata ikiwa tupu, mradi lebo inasomeka.