Mgema

Mgema (wingi: wagema) ni mtu anayekwea minazi na kukinga utomvu wake, ambao huchacha na kuwa tembo la mnazi. Kazi yake huitwa kugema. Ni kazi ya zamani katika pwani ya Afrika Mashariki, ikiwemo mikoa ya Tanga, Pwani na Dar es Salaam nchini Tanzania, na kaunti za Kwale na Kilifi nchini Kenya.

Kinywaji hicho kina jina moja na mnyama tembo, lakini sarufi huwatofautisha: husemwa "tembo hili" kwa kinywaji na "tembo huyu" kwa mnyama. Nchini Kenya kinywaji chenyewe huitwa pia mnazi.

Jinsi ya kugema

Mgema huchagua karara, yaani ala ngumu inayofunika maua machanga ya mnazi. Hulifunga kwa kamba lisifunguke, hukata ncha yake kwa kisu kiitwacho kotama, kisha hutundika kibuyu chini yake. Siku hizi wengi hutumia chupa au dumu la plastiki.

Mnazi mmoja hukwewa angalau mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Kila mara mgema humimina utomvu uliokusanyika na kukata kipande chembamba cha karara, kwa sababu kidonda cha zamani hukauka. Akikata kipande kinene, karara huisha mapema. Mnazi wenye afya hutoa karara jipya kila mwezi hivi, kwa hiyo unaweza kugemwa kwa muda mrefu.

Kuchacha kwa tembo

Tembo halitiwi hamira wala sukari. Vijidudu vya hamira hutoka hewani, kwenye mnazi na kwenye chombo chenyewe. Utomvu una sukari ya takriban asilimia 12 hadi 15, na huanza kuchacha ukiwa bado unadondoka. Baada ya saa chache huwa na kileo cha asilimia 4 hadi 5 hivi. Bakteria nao hufanya kazi wakati huohuo, na kufikia siku ya pili tembo huwa kali na chachu. Likiachwa zaidi hugeuka siki.

Hapo ndipo ujuzi wa mgema unapoonekana. Anayetaka tembo tamu husafisha chombo vizuri na kuuza mapema. Anayetaka tembo kali huacha machicha kidogo ndani ya chombo.

Hii ni tofauti kubwa na mvinyo wa zabibu, kama ule wa Dodoma. Zabibu zina asidi nyingi na mvinyo wake hufikia kileo cha asilimia 11 au zaidi, hivyo huweza kukaa kwenye chupa kwa miaka. Tembo la asili haliwezi kungoja. Lazima linywewe karibu na lilipogemwa.

Matumizi

Tembo hutumika kuumulia unga wa mchele katika mkate wa tembo, na siki yake hutumika jikoni. Kwa Wamijikenda tembo ni sehemu ya mahari, arusi na matanga. Uislamu unakataza kileo, hivyo katika miji mingi ya pwani unywaji wake hufanyika kando.

Methali "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" huonya kwamba sifa nyingi humharibu mtu. Pia inaonyesha kuwa biashara hii hutegemea uaminifu: mnywaji hakuwepo tembo liliposhushwa.

Mnazi, mwenye shamba na mji

Karara lililogemwa halizai nazi. Kwa hiyo kila mnazi unaogemwa ni uamuzi: fedha ya kila siku kutoka kwenye tembo, au nazi za kuuza baadaye. Mara nyingi mgema si mwenye minazi, bali huikodi au hugawana mapato na mwenye shamba.

Aina inayojulikana zaidi ni mnazi mrefu wa Afrika Mashariki, unaoweza kupita mita 20. Maadui zake ni mdudu chonga na ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao umeua minazi mingi ya pwani ya Tanzania. Utafiti wa zao hili hufanywa na kituo cha Mikocheni, Dar es Salaam.

Katika Dar es Salaam kuna tishio jingine, nalo ni ujenzi. Maeneo mengi ya pembeni yalikuwa mashamba ya minazi kabla ya mji kupanuka. Leo Buguruni, katika Wilaya ya Ilala, ni mahali pa nyumba zilizobanana, barabara kuu na soko ambako nazi hufika kwa magari kutoka nje ya mji. Kumbukumbu ya minazi imebaki katika majina kama Mnazi Mmoja na Minazi Mirefu. Nazi inaweza kusafirishwa kutoka mbali na kukaa sokoni kwa wiki kadhaa, lakini tembo haliwezi. Minazi ikiondoka mahali, mgema naye huondoka.