Picha ya marehemu baba ilipogeuka kijani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: na picha bila negativu ni hivyo hivyo.

Marehemu baba yangu alipigwa picha moja aliyoipenda mno, amevaa kanzu mbele ya nyumba yetu hapa Mombasa. Picha yenyewe ililiwa na unyevu wa pwani, lakini negativu yake ilisalia kashani mwa mama. Mwaka jana mama akaniambia, "Mwanangu, nataka kumwona babako kabla macho yangu hayajazima."

Nilitafuta skana yenye taa kifunikoni, kwa maana negativu sharti imulikwe kutoka upande wa pili. Vumbi nililipangusa kwa brashi laini. Ile njia ya mtambo kufuta vumbi kwa miale ya infraredi haifai hapa, kwani fedha iliyomo katika filamu nyeusi na nyeupe huizuia miale hiyo, na mtambo hudhani picha yenyewe ni uchafu.

Nikachapa. Usiku, chini ya taa, mama alitabasamu. Asubuhi akaipeleka dirishani, akaniita: "Huyu si babako. Mbona kama ameota kuvu?" Kweli, uso ulikuwa wa kijani!

Je, ndugu msomaji, kosa lilikuwa wapi? Printa nyingi za nyumbani, zikitakiwa kutoa kijivu, huchanganya wino wa samawati, waridi na manjano. Mchanganyiko ukipotoka kidogo tu, jicho hutambua. Na mwanga ukibadilika, rangi nayo yaweza kubadilika. Nilijaribu wino mweusi peke yake. Ukijani ukatoweka, lakini mashavu ya mzee yakajaa vidoadoa, kwa kuwa penye weupe vitone vyeusi hukaa mbalimbali.

Dawa niliipata katika printa yenye wino mweusi wa namna tatu: mweusi wenyewe, hafifu, na hafifu zaidi. Huo ndio hubeba karibu kazi yote ya kijivu, na rangi huongezwa chembe tu. Kila jaribio nililiacha likauke usiku kucha, kisha nikalitazama kwa mwanga wa dirishani.

La sita nilimpa mama bila kusema neno. Alisimama nalo dirishani muda mrefu. "Sasa ni yeye," akasema. "Kanzu hii niliifua mimi."

Ewe mwenye negativu kashani, zitoe mapema. Unyevu haumngoji mtu.